Thalberg: Jina la ukoo lililookolewa kitandani kwa mgonjwa

Madaktari waliwaambia wazazi jambo ambalo hakuna mzazi anayetaka kulisikia. Mtoto wenu ana moyo mbovu. Akibahatika atafikisha miaka 20, akibahatika zaidi, 30.

Mtoto huyo alizaliwa Mei 30, 1899, Brooklyn, jijini New York, Marekani. Aliitwa Irving. Wazazi wake, William na Henrietta Thalberg, walikuwa Wayahudi wenye asili ya Ujerumani. Baba alikuwa kwenye biashara ya lesi. Walikuja kupata mtoto mwingine, binti aliyeitwa Sylvia, lakini hawakupata mvulana wa pili. Kwa desturi ya majina ya wakati ule, ukoo wa nyumba ile ulikuwa umemwegemea mtoto ambaye madaktari walishamkatia tamaa.

Leo jina hilo linatajwa kwenye tuzo za Oscar. Ipo tuzo maalumu inayoitwa Tuzo ya Kumbukumbu ya Irving G. Thalberg, ambayo haitolewi kila mwaka. Hupewa mtayarishaji wa filamu ambaye kazi zake za miaka mingi zimekuwa za kiwango cha juu. Anayeipokea hapewi ile sanamu ya dhahabu ya mtu aliyesimama, bali sanamu ya kichwa cha Thalberg mwenyewe.

Kwa mzazi, habari ya jina hili haiishii kwenye filamu. Inahusu mama aliyelazimika kuamua atamleaje mtoto aliyeambiwa hataishi. Inahusu pia ugonjwa unaoanzia kooni, ambao hadi leo unaharibu mioyo ya watoto Afrika Mashariki wakati dawa yake ipo na ni ya bei nafuu.

Bonde na mlima

Thalberg ni jina la Kijerumani lililounganishwa kwa maneno mawili. ‘Thal’, kwa tahajia ya zamani, ni bonde. ‘Berg’ ni mlima. Herufi h haisikiki, hivyo Mjerumani hulitamka ‘Talberg’.

Majina ya namna hiyo, yanayotaja milima, mabonde, miji na mito, ni ya kawaida miongoni mwa Wayahudi wa Ulaya ya kati. Kwa karne nyingi wengi wao walitumia jina la mtu na la baba yake tu, kama ilivyo kwa jamii nyingi za Afrika Mashariki. Mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, serikali za Austria na Prussia zilitoa sheria zilizowataka kuwa na jina la ukoo lisilobadilika. Familia zilichagua au zikapewa, na watoto wakarithi.

Mtoto wa rangi ya bluu

Irving alizaliwa na tatizo la moyo ambalo humfanya mtoto aonekane na rangi ya bluu kwenye midomo, kucha na ngozi. Rangi hiyo hutokana na damu kutokubeba oksijeni ya kutosha. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi mabadiliko hayo huonekana vizuri zaidi kwenye ulimi, fizi, ndani ya midomo na kwenye kucha kuliko usoni.

Mtoto wa namna hiyo huchoka upesi. Akiwa mchanga, hutoka jasho na kukatisha kunyonya ili ahemee. Akikua, hushindwa kukimbizana na wenzake. Irving alikua hivyo, akiwa na maumivu ya kifua, kizunguzungu na uchovu.

Mwaka 1899 madaktari hawakuwa na la kufanya. Upasuaji wa kwanza wa kuwasaidia watoto wa bluu ulifanyika Novemba 29, 1944, katika Hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore. Waliouwezesha ni daktari wa watoto Helen Taussig, daktari wa upasuaji Alfred Blalock, na fundi wa maabara Vivien Thomas, Mmarekani mweusi ambaye hakuwahi kusomea udaktari lakini ndiye aliyeufanyia mbinu hiyo majaribio mpaka ikakamilika. Kufikia siku hiyo Irving alikuwa ameshazikwa miaka minane.

Mwaka mmoja kitandani

Pigo la pili lilikuja akiwa na miaka 17, karibu kabisa na kumaliza sekondari. Alipata homa ya baridi yabisi. Kwa moyo ambao tayari ulikuwa dhaifu, lilikuwa jambo la kutisha. Aliamriwa kulala kitandani, na alilala mwaka mzima.

Hapo ndipo Henrietta alipofanya uamuzi. Angeweza kukaa kando ya kitanda na kusubiri kile ambacho madaktari walishakisema, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alikwenda shuleni kuchukua kazi za darasani akazileta nyumbani. Alitafuta walimu wa kumfundisha mwanawe chumbani, na alileta vitabu kwa wingi.

Alikuwa na sababu mbili. Ya kwanza, hakutaka mtoto aachwe nyuma na wenzake. Ya pili inaeleweka kwa mzazi yeyote aliyewahi kuuguza. Nje ya dirisha watoto wa mtaani walikuwa wakicheza, na kelele zao zilifika chumbani. Alitaka kijana awe na kitu cha kuishughulisha akili yake mbali na zile kelele.

Irving alisoma kila kilichofika kitandani. Alisoma riwaya za kawaida na zile kubwa zilizosifika, tamthiliya, na maisha ya watu mashuhuri. Akaingia hadi kwenye falsafa, akavutiwa na maandishi ya William James. Hakujua kwamba alikuwa anajifunza kazi yake ya baadaye. Mtu aliyesoma hadithi mia hujua ipi ina mwanzo mzuri na mwisho dhaifu.

Alipopata nafuu alirudi shule na kumaliza. Chuo kikuu alikiacha, kwa kuwa alijua mwili wake hauwezi kukesha na vitabu. Alifanya kazi ya kuuza dukani, na jioni akasoma kwenye shule ya ufundi ya usiku: kupiga chapa, hati mkato na Kihispania. Alipofika miaka 18 alitangaza gazetini kwamba anatafuta kazi ya ukarani, hana uzoefu, na anataka mshahara wa dola 15.

Bosi asiyeweza kusaini hundi

Kazi aliyoipata ilikuwa katika ofisi za New York za kampuni ya filamu ya Universal. Mwenye kampuni, Carl Laemmle, naye akiwa mhamiaji kutoka Ujerumani, alimfanya katibu wake binafsi. Kisha akamchukua hadi California, na akiwa na miaka 20 tu Irving alikabidhiwa studio nzima. Inasimuliwa kwamba alikuwa anaamuru filamu ipi itengenezwe, lakini kwa umri wake sheria haikumruhusu kusaini hundi za kuilipia.

Mwaka 1923 alihamia kwa Louis B. Mayer, na mwaka uliofuata kampuni tatu ziliungana kuwa MGM. Thalberg, ambaye alikuwa hajatimiza miaka 25, ndiye aliyesimamia utengenezaji wa filamu zote. Kazi zilizopita mikononi mwake ni pamoja na ‘The Big Parade’ na ‘Ben-Hur’ za mwaka 1925, ‘Grand Hotel’ ya 1932, na ‘Mutiny on the Bounty’ ya 1935. Mwaka 1927 alikuwa mmoja wa watu 36 walioanzisha chuo cha sanaa za filamu kinachotoa tuzo za Oscar.

Alikuwa na tabia moja iliyowachosha mafundi na kuwaletea wenye studio faida. Filamu ikikamilika aliipeleka kwenye sinema ya kawaida kabla haijatangazwa, akaangalia watu wanavyoipokea. Wakipoa mahali walipotakiwa kucheka au kulia, sehemu ile ilirudiwa kupigwa upya.

Jina lake lenyewe hakulitaka kwenye filamu. Katika maisha yake yote pale MGM, watazamaji hawakulisoma jina la Irving Thalberg kwenye orodha ya waliotengeneza filamu. Waliolisoma jina Thalberg walisoma la dada yake. Sylvia alikuwa mwandishi wa miswada ya filamu, na jina lake lilionekana kwenye kazi kama ‘Montana Moon’ ya 1930. Jina la ukoo lililodhaniwa kumtegemea mvulana lilifika kwenye pazia la sinema kupitia kwa msichana.

Moyo uliotumika kupita kiasi

Septemba 29, 1927 Irving alimwoa mwigizaji nyota Norma Shearer. Walianza ndoa yao wakiishi pamoja na wazazi wa mume, na Henrietta aliendelea kumwangalia mwanawe kama alivyomwangalia kitandani. Mwaka 1930 walipata mtoto wa kiume, aliyepewa jina la baba yake. Binti yao, Katharine, alizaliwa mwaka 1935.

Mama alimlinda, lakini mwenyewe hakujilinda vya kutosha. Mtu aliyeambiwa tangu utotoni kwamba huenda asifike miaka 30 hufanya kazi kama anayekimbizwa. Thalberg alikaa ofisini hadi usiku, mwaka baada ya mwaka. Wakati wa Krismasi ya 1932, akiwa na miaka 33, alipata mshtuko wa moyo. Mwaka uliofuata alikwenda Ulaya na familia kutibiwa na kupumzika. Aliporudi alikuta madaraka yake ya kusimamia studio nzima yameondolewa, akapewa kitengo chake tu.

Mapema Septemba 1936 alipata mafua. Kwa mtu mzima mwenye afya, mafua ni jambo la siku chache. Kwake yaligeuka nimonia. Septemba 14 alifariki nyumbani kwake Santa Monica akiwa na miaka 37. Alikuwa ameupita ule umri wa madaktari kwa miaka saba. Mwanawe alikuwa na miaka sita, na bintiye ndiyo kwanza ana mwaka mmoja na miezi mitatu.

Filamu aliyoiacha mezani, ‘The Good Earth’, inayohusu familia ya wakulima wa China, ilitoka mwaka 1937. Ndani yake studio iliandika kwamba inaitoa kwa kumbukumbu ya Irving Grant Thalberg. Jina alilolikataa akiwa hai liliandikwa akiwa hayupo kulifuta. Mwaka 1938 tuzo yenye jina lake ilitolewa kwa mara ya kwanza, akaipokea Darryl F. Zanuck.

Koo linavyoharibu moyo

Homa ya baridi yabisi iliyomlaza Irving mwaka mzima haianzii kwenye moyo. Huanza na maumivu ya koo yanayosababishwa na bakteria wanaoitwa streptokoka wa kundi A. Wiki mbili hadi nne baadaye, koo likiwa limeshapona na mzazi ameshasahau, kinga ya mwili wa mtoto hukosea. Badala ya kupambana na bakteria pekee, hushambulia viungo, ngozi, ubongo na moyo.

Maumivu ya viungo hupita. Madhara ya moyo yanaweza kubaki. Milango ya moyo, ambayo kazi yake ni kuhakikisha damu inakwenda upande mmoja bila kurudi, hukakamaa au hushindwa kufunga. Homa ikijirudia, uharibifu huongezeka. Huo ndio ugonjwa wa moyo utokanao na baridi yabisi.

Mwaka 1916 hakukuwa na antibayotiki. Alexander Fleming aligundua penisilini mjini London mwaka 1928, lakini ilianza kutumika kwa wagonjwa mwanzoni mwa miaka ya 1940. Katika nchi tajiri, dawa hiyo pamoja na nyumba zisizo na msongamano vimeufanya ugonjwa huu kuwa nadra.

Kwingineko bado upo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu milioni 55 duniani wanaishi na ugonjwa wa moyo utokanao na baridi yabisi, na unaua takriban watu 360,000 kila mwaka. Wengi wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, Afrika Mashariki ikiwamo. Huwapata zaidi watoto wa kati ya miaka mitano na 15, na wapo wasichana ambao hugundulika wakiwa tayari ni wajawazito, moyo unapozidiwa na mzigo wa mimba.

Habari njema imetoka Gulu, kaskazini mwa Uganda. Watafiti walifuatilia kwa miaka miwili watoto na vijana zaidi ya 800 ambao vipimo vilionyesha dalili za mwanzo za ugonjwa huo, wakiwa bado hawajisikii kuumwa. Nusu walichomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kuwa ugonjwa uliongezeka kwa asilimia 0.8 tu ya waliochomwa, na kwa asilimia 8.2 ya wale ambao hawakuchomwa.

Dalili za kutopuuza

Maumivu mengi ya koo kwa watoto husababishwa na virusi na hupona yenyewe, hasa yanapoambatana na mafua na kikohozi. Mtoto anapaswa kufikishwa kituo cha afya akiwa na:

- Koo linalouma ghafla na homa, bila mafua wala kikohozi
- Mafindofindo yaliyovimba, mekundu au yenye utando mweupe
- Tezi za shingo zilizovimba na zinazouma zikiguswa

Dalili zifuatazo, hasa zikija wiki chache baada ya koo kuuma, zinahitaji daktari bila kuchelewa:

- Maumivu ya viungo yanayohama, leo goti, kesho kifundo cha mguu, keshokutwa kiwiko
- Kuhema kwa shida, moyo kwenda mbio au maumivu ya kifua
- Mikono, miguu au uso kurukaruka bila mtoto kukusudia
- Uchovu usio wa kawaida kwa mtoto aliyezoea kucheza

Maumivu ya viungo yanayohama mara nyingi huitwa ‘maumivu ya kukua’ na mtoto akasuguliwa dawa ya kuchua. Ni kosa linalogharimu.

Kosa jingine ni kumpeleka mtoto kukatwa kimeo kila koo linaposumbua. Madaktari wamekuwa wakionya kwamba kukata kimeo mitaani hakutibu maambukizi ya koo, na mtoto anaweza kuvuja damu nyingi au kupata maambukizi mapya. Bakteria hubaki palepale, na siku za kumpatia dawa zinapotea.

Akithibitika kuwa na maambukizi ya bakteria, mtoto huchomwa sindano moja ya penisilini au hupewa vidonge, ambavyo kwa kawaida ni vya siku 10. Vidonge vinatakiwa kumalizwa hata kama koo limeacha kuuma siku ya tatu. Aliyekwisha kupata homa ya baridi yabisi huendelea na sindano kila baada ya wiki tatu au nne kwa miaka mingi, wakati mwingine hadi utu uzima. Kuziruka ndiko kunakoipa homa nafasi ya kurudi. Madhara ya moyo hupimwa kwa ECHO, na kwa Tanzania upasuaji wa moyo kwa watoto hufanyika katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI), Dar es Salaam.

Alichokifanya Henrietta

Mzazi mwenye mtoto anayeumwa kwa muda mrefu huvutwa pande mbili. Upande mmoja ni kumwonea huruma hadi aishi kama yai, asitumwe, asisome, asicheze. Upande wa pili ni kuchoka na kumwacha, kwa kuwa ‘huyu si wa kukaa’.

Henrietta hakuwa na dawa, wala daktari wa kumpa matumaini. Alichokuwa nacho ni mwaka mmoja na chumba kimoja. Alihakikisha mtoto amelala kama alivyoagizwa, na akahakikisha pia kwamba anajifunza kama mtu anayetarajiwa kuishi. Mambo hayo mawili hayagombani. Mtoto mwenye tatizo la moyo anaweza kwenda shule na kupewa kazi za nyumbani anazoziweza. Anaweza pia kucheza michezo ambayo daktari ameiruhusu. Mwalimu anatakiwa kuelezwa hali yake, ili asimchape kwa kuchelewa mchakamchaka wala asimtenge.

Watoto wa Irving hawakuingia kwenye utengenezaji wa filamu. Mwanawe, Irving mdogo, alikuwa profesa wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Illinois, Chicago, somo lilelile ambalo baba yake alikutana nalo akiwa amelala. Katharine, aliyeachwa na baba akiwa mchanga, mwaka 1975 alifungua duka la vitabu Aspen, jimbo la Colorado, na akaliendesha hadi alipofariki mwaka 2006.

Aspen ni mji uliolala bondeni, umezungukwa na milima.